Freddie wa Unguja na wimbo usioimbika wote jukwaani

Najua nimekuwa adimu hapa kibarazani, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama baridi ya London imenimeza. Haijanimeza. Zilizonimeza ni zamu za usiku, nne mfululizo, na nikitoka hapo nalala kama gogo.

Leo sitasimulia habari za kubeba boksi wala bei ya vyumba. Nataka tuzungumze historia kidogo, historia ya wimbo mmoja. Chanzo chake ni mzee wa Kiingereza aliyelazwa wodini kwetu siku za nyuma. Saa tisa usiku, usingizi umemkataa, nimekwenda kumpima presha, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Weee! Mzee aliyekuwa hoi akajiinua kwenye mto: "Kwa akina Freddie!"

Kumbe usiku wa tarehe 24 Desemba 1975, akiwa kijana, alikuwamo ndani ya ukumbi wa Hammersmith Odeon, hapa magharibi ya London, Queen walipopiga onyesho la mkesha wa Krismasi ambalo BBC walilirusha moja kwa moja. Wakati huo Bohemian Rhapsody ndio wimbo namba moja Uingereza nzima. Akaniambia kwamba watu walikwenda kuusikia huo, na kwamba waliimbiwa mwanzo na mwisho tu. Katikati hawakugusa.

Nilirudi nyumbani asubuhi, badala ya kulala nikaanza kusikiliza. Ya studio, halafu za jukwaani, moja baada ya nyingine. Siku hiyo usingizi niliupata saa nane mchana!

Kwanza niwakumbushe wale wadogo. Freddie Mercury jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi wenye asili ya India. Utotoni alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza piano. Akarudi Unguja akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Nyumba yao ya kwanza kununua huko, Gladstone Avenue, tangu mwaka 2016 imebandikwa kile kibao cha buluu cha watu mashuhuri. Wanaosimulia maisha yake wanasema aliwahi kufanya vibarua vya kupakia mizigo pale Heathrow. Mnaona? Hata Freddie alibeba boksi!

Najua wapo kwetu wasiopenda atajwe, na mwaka 2006 ilizuka mizozo Unguja ilipopangwa sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe. Leo simo huko. Mimi nimo kwenye wimbo.

Wimbo wenyewe ulianza kurekodiwa Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, shambani kabisa kule Wales, kisha ukamaliziwa studio kadhaa za London. Prodyuza alikuwa Roy Thomas Baker. Wakati huo bendi nyingi za roki za Uingereza zilikuwa zinashindana kutunga nyimbo ndefu zenye vipande vingi, mtindo ulioitwa roki ya progresivu. Huu nao ni wa namna hiyo. Hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti tupu, inakuja piano ya taratibu na mtu anayeungama, linaingia gitaa, halafu ghafla mnajikuta kwenye opera, kutoka hapo roki ya kelele, na mwisho unatulia kama bahari baada ya kusi. Dakika 5 na sekunde 55, wakati redio zilizoea nyimbo za dakika tatu hivi. Wakubwa wa kampuni ya rekodi wakaguna. Lakini mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya hapa London aliupiga, inasemekana, mara 14 katika siku mbili, na watu wakaudai. Ukakaa namba moja wiki tisa.

Sasa njooni kwenye kile kipande cha katikati, cha opera. Mkikisikiliza mtadhani ni kwaya ya watu mia. Ni watu watatu tu! Freddie, gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, yule mwenye sauti nyembamba ya juu kabisa. John Deacon, mpiga besi, hakuimba. Waliimba watatu wao, wakarudisha kanda nyuma, wakaimba tena juu ya sauti zao wenyewe, wakarudia na kurudia. Kanda ilikuwa na njia 24 za sauti. Zikikaribia kujaa, wanazichanganya zilizokwisha kuimbwa ziwe chache, wapate nafasi ya kuimba nyingine. Hesabu inayotajwa sana ni sauti 180, na kipande hicho peke yake kilikula kama wiki tatu. Baker alikuwa akisimulia kwamba kanda ilipitishwa mashineni mara nyingi hata ikaparika, ukiinyanyua kwenye taa unaona upande wa pili.

Na ndani ya opera hiyo limo neno letu, Bismillah. Mara ya kwanza kulisikia, mimi mtoto wa madrasa, nilirudisha nyuma mara tatu nikidhani masikio yamenidanganya.

Basi tatizo mnaliona lilipo. Watu watatu wanaweza kuwa mia moja ndani ya kanda. Jukwaani watatu ni watatu. Wafanyeje?

Pale Hammersmith mwaka 1975 walifanya alivyonieleza mzee wangu. Waliimba mwanzo, wakaruka wakaingia nyimbo nyingine, wakarudi baadaye kufunga. Miaka iliyofuata wakapata njia nyingine, na mnaweza kuisikia katika albamu yao ya jukwaani ya mwaka 1979, Live Killers. Freddie anapiga piano na kuimba, Brian anapiga gitaa lake, halafu ikifika opera wote wanne wanaondoka jukwaani. Ndiyo, wanaondoka! Inabaki kanda ya studio inalia yenyewe na taa zinacheza. Opera ikiisha, mlipuko wa mwanga na moshi, hao wamerudi, wanapiga ile roki wenyewe kwa mikono yao.

Wangeweza kujifanya. Wasimame mbele ya maikrofoni, wafungue midomo, kanda iimbe. Wasanii wangapi wamefanya hivyo kwenye televisheni? Wao walichagua kuwaambia watu waziwazi: hiki hatuwezi kukileta hapa, kisikilizeni kutoka kwenye kanda, sisi tutarudi kwenye kile tunachokiweza.

Kuna tofauti nyingine ndogo, na hii naisema kama muuguzi. Mkisikiliza jukwaani, ile sehemu ya piano, mara nyingi Freddie hapandi kule juu alikopanda studio. Anashusha, anaizungusha noti kwa chini. Alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, vilivyomsumbua kwa miaka. Studio ukichoka unapumzika, unakunywa maji, unarudia kesho. Kwenye ziara leo ni mji huu na kesho mji ule, na koo ni lile lile. Kwa hiyo jukwaani anachagua pa kupanda na pa kushuka. Mwanzoni niliona ni upungufu. Nikasikiliza tena, nikaona ndipo unapomsikia mtu mwenyewe, na koo lake, na uchovu wake. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye Live Aid pale Wembley, watu kama 72,000, aliimba kile kipande cha mwanzo tu, kisha akaingia wimbo mwingine. Opera haikuwepo wala kanda haikuwepo. Na wengi mpaka leo wanaliita lile onyesho lao bora kuliko yote.

Msidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Sisi tumeyajua zamani. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 na kundi lake kurekodi santuri za HMV. Santuri za wakati ule upande mmoja ulibeba kama dakika tatu. Na taarabu yenyewe je? Taarabu ni usiku kucha! Mwimbaji anarudia ubeti kwa sababu mtu kainuka kutunza, anasubiri, anamtazama fulani, ukumbi mzima unajua anaimbiwa nani. Hayo hayaingii kwenye santuri. Lakini bila santuri, sisi vitukuu tungemsikia wapi Bi Siti?

Freddie alifariki hapa London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Alikuwa na miaka 45. Dawa za mchanganyiko zilizokuja kuokoa watu zilianza kutumika mwaka 1996, miaka mitano tu baadaye. Leo nawahudumia watu wenye virusi ambao wanazeeka na kulalamika magoti kama wazee wengine, na kila mara nawaza hiyo miaka mitano. Wimbo ulitolewa tena Desemba ile ile, ukarudi namba moja kwa wiki tano, na mapato yake yakaenda kwa Terrence Higgins Trust, shirika la hapa linalosaidia wenye virusi.

Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake wakafanya onyesho la kumkumbuka pale pale Wembley. Elton John akaimba kipande cha piano, Axl Rose akaja kuimba cha roki. Katikati? Katikati ikapigwa kanda, kama siku zote. Miaka yote ile kanda ikilia watu walikuwa wanasubiri, kwa sababu walijua Freddie yuko nyuma ya pazia na atatoka. Siku hiyo sauti ilikuwa ile ile, kwenye kanda ile ile. Hakutoka.

Hapo ndipo niliposhika tama, ndugu zangu. Sasa nawaambia kwa nini.

Mnakumbuka harusi ya mdogo wangu mwaka jana. Sikupata ruhusa kazini, nikatuma sauti, ikapigwa kwenye spika ukumbini. Wengi mlinipigia kunisifu, eti nimesema maneno mazuri, sauti imetulia kama mtangazaji. Ukweli ni huu: nilirekodi mara saba, kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo kazini. Mara sita za mwanzo nililia. Nilizifuta zote. Nikatuma ya saba, iliyo safi.

Mama alifurahi. Lakini bibi harusi hakunipigia wiki mbili. Aliponipigia akaniambia, "Dada, ile sauti ilikuwa nzuri sana. Mimi nilikuwa nakutaka wewe." Nikamweleza habari ya zile sita nilizozifuta. Akanyamaza, kisha akasema, "Ungenitumia mojawapo ya hizo."

Nilikasirika wakati ule. Nikamwambia hajui maisha ya huku. Sasa naona alikuwa na haki. Sisi tulio ughaibuni tunaishi kwa kanda. Salamu za Idi, pole za msiba, hongera za mtoto, vyote tunarekodi, tunafuta, tunasafisha, tunatuma. Siikatai kanda. Bila hiyo ukumbi ungekuwa kimya kabisa, na mimi nisingekuwa na sauti ya marehemu bibi kwenye simu yangu akinikumbusha kuvaa soksi. Kosa langu ni kwamba nilijifanya niko jukwaani. Nilituma sauti isiyo na kilio ili ionekane sijaondoka, wala siumii kwamba nimeondoka. Akina Freddie waliondoka watu wakiwaona, na walijua saa ya kurudi.

Basi na mimi nimeomba likizo mapema safari hii, na imekubaliwa. Mdogo wangu atajifungua Mungu akipenda mwezi wa nne, na siku ya arubaini nitakuwepo hapo, mwenyewe, na hili koo langu baya. Mkinitaka niimbe nitaimba, na nikilia msinirekodi!

Yule mzee alitoka hospitali salama. Siku anaondoka aliniuliza kama nimeshausikiliza wimbo. Nikamwambia nimeusikiliza wa studio na wa jukwaani. Akauliza upi bora. Nikamjibu bado naamua. Akacheka, akasema na yeye vile vile, tangu mwaka 1975.

Haya, naishia hapa, zamu inaanza saa moja na nusu usiku na basi halinisubiri. Wenye santuri za zamani za taarabu majumbani, msizitupe jamani, niwekeeni. Nisalimieni wote, wakubwa shikamoo, wadogo nawapenda. Tuonane mwezi wa tano inshallah, ana kwa ana.