Kibanio cha pua (tiba)

Kibanio cha pua ni kifaa kidogo cha tiba kinachotumika kusimamisha damu inayotoka puani, hali inayoitwa pia muhina. Hubana sehemu laini ya pua badala ya vidole vya mgonjwa au mhudumu.

Msingi wa kitabibu

Muhina mwingi, takriban asilimia 90, huanzia mbele, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Hapo mishipa midogo ya damu hukutana chini ya utando mwembamba. Eneo hilo hujulikana kwa majina ya Mmarekani James Lawrence Little, aliyelieleza mwaka 1879, na Mjerumani Wilhelm Kiesselbach. Kwa kuwa liko karibu na nje, linaweza kukandamizwa kwa kubana pua.

Katika huduma ya kwanza mgonjwa hukaa wima, huinama mbele kidogo, hupumua kwa mdomo na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 mfululizo. Wengi hukosea kwa kubana mfupa wa juu, au kwa kuachia mara kwa mara ili kutazama. Damu inayoanza kuganda hubanduka. Kuinua kichwa nyuma huifanya damu ishukie kooni.

Utengenezaji

Kibanio hubuniwa ili kubana mahali sahihi kwa muda wote unaotakiwa na kuacha mikono huru. Kikiwa kikali huumiza ngozi. Kikilegea damu haikomi. Kinapaswa pia kuenea pua za ukubwa tofauti.

Katika idara za dharura, wahudumu wasio na kibanio huweza kufunga pamoja kwa plasta vijiti bapa vya kukandamizia ulimi. Nchini Marekani, daktari wa dharura Elizabeth Clayborne alibuni NasaClip, inayounganisha kibanio na sponji zinazoingizwa puani.

Mipaka

Kibanio hakifikii mishipa iliyo nyuma ya pua. Damu ikitoka huko, daktari huweza kuizuia kwa puto, kwa mfano la katheta ya Foley. Mgonjwa apelekwe hospitali haraka ikiwa damu inatoka kwa wingi, haikomi baada ya dakika 30 za kubana, au imefuata pigo la kichwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anahitaji uangalizi zaidi.