Mkono Mmoja, Tangi na Pampu

Hadithi hii inaanzia juu ya gunia la tangawizi.

Ilikuwa Agosti 2011. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimekaa na mama juu ya magunia kule Mamba, milimani Upare, tukisubiri Land Rover ya kutushusha Same mjini. Haikuja. Kesho yake haikuja pia. Siku ya tatu dereva alikuja kwa miguu.

"Mama, mafuta hakuna. Vituo vimefunga."

"Kwani yamekwisha?"

"Yapo, mama. Wenyewe hawataki kuuza."

Maneno hayo yaliningang'ania. Nilipokua nikaanza kuyatafutia asili yake.

Kumbe mwezi ule EWURA ilikuwa imeshusha bei kikomo, na kampuni za mafuta zikanuna. Tarehe 12 Agosti, EWURA ikaifungia BP Tanzania leseni kwa miezi mitatu. Adhabu hiyo si ndogo. Lakini mimi nauliza: mgomo ule uliwezekanaje? Naona jibu ni hili, kwamba wenye matangi makubwa Dar es Salaam ndio hao hao wenye vituo barabarani. Akifunga tangi, pampu nayo inakauka.

Mambo haya hayakuanza jana. Kiwanda cha TIPER, Kigamboni, kilianza kusafisha mafuta mwaka 1966. Waanzilishi wake walikuwa Waitaliano wa AGIP, na AGIP hiyo hiyo ilikuwa na vituo vyake, vyenye picha ya mbwa wa miguu sita anayetema moto. Baada ya Azimio la Arusha serikali ikachukua nusu ya kiwanda. Kufikia mwaka 2000 biashara ya mafuta ikawa imeachiwa huria, usafishaji umekoma, TIPER imebaki matangi. Basi mwagizaji akakalia kiti cha msafishaji.

Marekani walilijua tatizo hili mapema. Sheria yao ya Sherman ya 1890 iliweka faini ya hadi dola 5,000 na kifungo cha hadi mwaka mmoja kwa wahodhi wa biashara. Mwaka 1911 Mahakama Kuu yao ikaamuru Standard Oil ya Rockefeller ivunjwe, ikawa kampuni 34. Halafu ukaja uhaba wa 1973. Watu wa jimbo la Maryland wakaona vituo vya wasafishaji wenyewe vinapendelewa, vya watu wadogo vinakauka. Mwaka 1974 wakatunga sheria: msafishaji asiendeshe kituo cha rejareja. Exxon na wenzake wakaenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1978.

Sisi je? Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 ilipotungwa iliweka faini ya asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka. Faini hiyo inauma! Ila sheria hiyo inamsubiri mwenye nguvu azitumie vibaya ndipo imkamate. Ya Maryland ilimkataza tangu mwanzo asishike vyote viwili. Najua kuna watakaonibishia: bila kampuni kubwa, nani angejenga kituo huku kwetu? Hoja hiyo siidharau. Hata sasa, kule juu wengi wetu tunanunua petroli kwenye chupa.

Lakini wazee wetu walilijua fumbo hili kabla ya pampu. Katika miaka ya 1940 Wapare waliongezewa kodi ya mbiru juu ya kodi ya kichwa, kila mtu akikadiriwa mali yake, na makadirio yakawa mikononi mwa machifu wale wale waliohusika kuikusanya. Januari 1945 maelfu walishuka milimani, wakapiga kambi hapa Same. Hatimaye mbiru ikafutwa. Hawakuomba mkadiriaji mpole, walikataa mpango wenyewe.

Magunia ya mama yalifika Same siku ya tisa. Mengine yalikuwa yameanza kuota ukungu, na mnunuzi akataja bei anayotaka yeye. Mama alipokea hela, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya kanga bila kusema neno.

Faini hulipwa serikalini, na leseni iliyofungwa hufunguliwa. Nimezisoma hizo sheria kadiri ya uwezo wangu wa kidato cha nne, na bado natafuta kifungu kinachomtaja yule aliyekaa juu ya gunia.