Maji ya Karthago: ubatizo na neema katika Kanisa la kale la Afrika Kaskazini

Kitabu cha kwanza kinachojulikana kuandikwa mahsusi juu ya ubatizo wa Kikristo kilitoka Karthago, mji wa bandari ambao magofu yake yamezungukwa leo na vitongoji vya Tunis. Mwandishi wake ni Tertuliani, na mwaka ulikuwa karibu 200. Aliwajibu watu waliodai kwamba maji hayana la kumfanyia mtu isipokuwa kumlowesha. Hakuficha kwamba tendo lenyewe ni dogo: mtu anashuka majini bila fahari wala gharama, anatamkiwa maneno machache, kisha anatoka akiwa karibu vile vile alivyoingia. Udogo huo ndio uliomvutia. Ibada za miungu ya Kirumi zilijaa mapambo na matumizi, ilhali Mungu wa Wakristo alitoa uzima wa milele kwa maji yoyote, yawe ya bahari, ya mto au ya bwawa.

Maandishi yake yanaonyesha jinsi mambo yalivyofanyika. Anayebatizwa alimkana Shetani mbele ya askofu, akazamishwa mara tatu, akapakwa mafuta, kisha akaonjeshwa maziwa yaliyochanganywa na asali. Kwa wiki nzima hakwenda kuoga, jambo zito katika mji ambao watu wake walienda hamamu kila siku. Hata hivyo Tertuliani huyo huyo alishauri watoto wachanga na vijana wasiooa wasubiri, kwa kuwa aliyetenda dhambi baada ya kubatizwa alijitwisha mzigo mkubwa. Hapo ndipo ulipoanza ubishi uliodumu katika nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 200: je, ubatizo ni zawadi ya kukimbiliwa, au ni dhamana ambayo mtu aichukue akishajiona anaiweza?

Jibu la kwanza la wazi lilitolewa mjini humo humo. Karibu na mwaka 253 askofu mmoja aitwaye Fidus alitaka watoto wachanga wabatizwe siku ya nane, kama Wayahudi walivyotahiri. Aliona pia kwamba mtoto aliyetoka tu tumboni hana usafi wa kupewa busu la amani. Sipriani, askofu wa Karthago, aliketi na maaskofu wenzake 66, na hakuna hata mmoja aliyemuunga mkono Fidus. Walimwandikia kwamba rehema ya Mungu haipaswi kunyimwa mtu yeyote aliyezaliwa. Kama watu wazima waliotenda maovu makubwa hawakatazwi maji, atakatazwaje mtoto ambaye bado hajatenda lolote? Waliongeza jambo ambalo mzazi yeyote analifahamu: kilio cha mtoto mchanga, walisema, ni ombi.

Jambo la pili halikwisha kwa urahisi. Sipriani aliamini kwamba ubatizo uliotolewa na wazushi si ubatizo, kwa sababu asiye na Roho Mtakatifu hawezi kumpa mwingine. Tarehe 1 Septemba 256 maaskofu 87 walikutana Karthago wakamuunga mkono, kinyume cha Stefano, askofu wa Roma. Sipriani alikatwa kichwa miaka miwili baadaye kwa ajili ya imani yake, na heshima ya damu yake ikayapa maoni hayo nguvu kubwa kuliko hoja zake zilivyostahili.

Nguvu hiyo ilionekana baada ya dhuluma ya Kaisari Dioklesiani, iliyoanza mwaka 303. Wakristo waliamriwa kukabidhi Maandiko yachomwe moto, na baadhi ya maaskofu walikubali. Dhuluma ilipopoa, kundi kubwa lilimkataa Kaisiliani, askofu mpya wa Karthago, kwa madai kwamba mmoja wa waliomweka wakfu alikuwa amekabidhi vitabu. Kundi hilo likaitwa la Wadonati, kwa jina la kiongozi wao Donatus. Msimamo wao ulieleweka kwa urahisi, na ulikuwa na uchungu wa kweli ndani yake, maana ndugu zao walikufa kwa kukataa kile ambacho wengine walikikubali. Walisema mkono mchafu hausafishi mwingine. Aliyebatizwa upande wa pili alipojiunga nao walimbatiza tena. Katika miji mingi kukawa na makanisa mawili, maaskofu wawili na mabirika mawili ya ubatizo, wakati mwingine umbali wa mitaa michache tu.

Augustino alizaliwa katikati ya mgawanyiko huo, mwaka 354, mjini Tagaste, ambako leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mama yake Monika alikuwa Mkristo, na mtoto aliwekwa miongoni mwa wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, tangu utoto kwa ishara ya msalaba na kuonjeshwa chumvi. Alipougua karibu kufa, maandalizi ya ubatizo yalianza. Alipopata nafuu yaliahirishwa. Familia nyingi zilifanya hivyo. Watu waliona afadhali kijana amalize ujana wake kwanza, dhambi zake zote zije kuoshwa kwa mpigo mmoja.

Kisa kilichomgeuza mawazo, ingawa alikielewa miaka mingi baadaye, kilitokea alipokuwa mwalimu kijana huko Tagaste. Rafiki yake mpenzi alishikwa na homa kali, akapoteza fahamu, akawa anatokwa jasho la mauti. Ndugu zake walimbatiza hivyo hivyo, hajui lolote. Alipozinduka, Augustino alimtania juu ya maji aliyopewa akiwa hana akili, akidhani watacheka pamoja. Rafiki alimtazama kama adui, akamwambia kwamba akitaka wabaki marafiki aache maneno hayo. Siku chache baadaye homa ilirudi ikamuua. Mtu huyo hakuwa amejiandaa, na wakati wa kubatizwa hakuweza hata kuitika. Alipewa tu, na alipofumbua macho alikishika alichopewa kama chake.

Augustino mwenyewe alibatizwa na askofu Ambrosi mjini Milano, usiku wa Pasaka mwaka 387, pamoja na mwanawe Adeodatus, ambaye jina lake lina maana ya "aliyetolewa na Mungu". Baadaye alirudi Afrika, na karibu na mwaka 395 akawa askofu wa Hippo, mji unaoitwa sasa Annaba.

Huko Hippo waliotaka kubatizwa waliandikisha majina mwanzoni mwa Kwaresima. Walifunga, walitolewa pepo kwa sala, na wakati wa kuchunguzwa walisimama pekupeku juu ya kitambaa cha manyoya ya mbuzi. Kanuni ya Imani walifundishwa kwa mdomo na kukatazwa kuiandika, mpaka waikariri mbele ya waamini. Usiku wa Pasaka walivua nguo zote, wakashuka majini, wakatoka wakavikwa nyeupe, na nguo hizo walizivaa siku nane. Aliyewaangalia kwa nje angeweza kudhani wanauchumia ubatizo kwa jasho lao. Augustino alifundisha kinyume: kufunga na kukesha ni njaa ya mtu aliyeitwa karamuni, na karamu hailipiwi na njaa ya mgeni.

Fikra hiyo ilikomaa karibu na mwaka 396, alipomjibu Simplisiano wa Milano maswali juu ya Waraka kwa Warumi. Alianza kuandika akitetea uhuru wa mtu kuchagua, akamaliza akikiri kwamba hata utashi wa kuamini ni kipaji. Kilichomshinda kilikuwa swali la Paulo kwa Wakorintho waliojivuna: una nini usichokipokea? Kiswahili kinaisema hoja yake kwa wepesi. Ujira hudaiwa, neema hutolewa bure, na ikianza kudaiwa si neema tena.

Kwa hoja hiyo aliwakabili Wadonati. Maji, alisema, yakipita katika mfereji wa mawe, mfereji wenyewe hauoti kitu, lakini bustani inapata maji. Mhudumu mwovu ni mfereji huo, kwa kuwa anayebatiza ni Kristo, hata kama mkono ni wa Yuda. Mwaka 411 maaskofu wa pande zote mbili, zaidi ya 500, walikutana Karthago mbele ya Marselino, mjumbe wa Kaisari, aliyetoa hukumu dhidi ya Wadonati. Baada ya hapo sheria za faini na kunyang'anywa makanisa zilikazwa, na Augustino aliziunga mkono. Hili ni doa katika habari zake, tena doa la kusikitisha, kwa sababu hakuna aliyeeleza vizuri kuliko yeye kwamba zawadi ya Mungu haiingii moyoni kwa kushurutishwa na askari.

Mpinzani wake mwingine mkubwa alitoka Britania. Pelagius alikuwa mtu wa maisha magumu na mema, aliyeudhiwa na Wakristo wazembe waliojificha nyuma ya udhaifu wa kibinadamu. Kwake ubatizo ulifuta makosa ya zamani, na kuanzia hapo mtu aliweza kutii kwa nguvu alizoumbiwa. Mfuasi wake Caelestius alihukumiwa Karthago mwaka 411, na mtaguso wa maaskofu wapatao 200, uliofunguliwa huko tarehe 1 Mei 418, ulilikataa fundisho lao. Shahidi mkuu wa Augustino alikuwa mtoto mchanga. Mtoto hana tendo jema la kuonyesha. Wengine hupiga mateke na kulia maji yanapowagusa, na bado Kanisa huwapa. Hoja hiyo ilikuwa na upande mkali, kwani Augustino aliona kwamba watoto wanaokufa bila ubatizo wamepotea, ingawa kwa adhabu iliyo nyepesi kuliko zote. Wakristo wengi hawakuweza kulivumilia hilo, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia wa Vatikani ilichapisha hati iliyoeleza sababu za kutumaini wokovu wao.

Karibu na mwaka 426 watawa wa Hadrumetum, ambayo sasa ni Sousse, walimletea Augustino swali la watu wa kazi: ikiwa yote ni neema, kwa nini abati amkemee mtawa anayekosa? Aliwajibu kwa vitabu viwili, akisema kwamba kukemea nako ni chombo cha neema. Miaka minne baadaye Wavandali waliuzingira Hippo. Augustino, mzee wa miaka 75, aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda chake, akazisoma akilia, kwa maana aliona hata aliyebatizwa akaishi vizuri hapaswi kuondoka duniani bila kuomba msamaha. Alifariki tarehe 28 Agosti 430. Mafundisho yake juu ya neema yalithibitishwa kwa sehemu kubwa na mtaguso wa Orange, kusini mwa Ufaransa, mwaka 529.

Mabirika ya ubatizo ya Afrika Kaskazini yapo mengi hadi leo. Lililo zuri kuliko yote lilitoka Kelibia, pwani ya Tunisia, nalo limewekwa katika makumbusho ya Bardo. Ni la karne ya 6, limejengwa kwa umbo la ua, na ndani yake limefunikwa kwa vijiwe vya rangi vinavyochora samaki, miti na mishumaa inayowaka. Maandishi ya ukingoni yanamtaja askofu Sipriani, na yanataja familia iliyolipia kazi hiyo: baba Aquinius, mama Juliana, na watoto wao wawili, Villa na Deogratias. Jina hilo la mwisho, lenye maana ya "shukrani kwa Mungu", bado linatolewa penye maji ya ubatizo Bukoba, Moshi na Bujumbura.