Mwandishi alishuka kwenye gari?

Kila nikikuta Kibumba katika gazeti la Goma, swali langu la kwanza ni hilo.

Nimezaliwa Kibumba, kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Kongo. Julai 1994 nilikuwa na miaka 11 wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa kwenye mashamba yetu; baadaye kambi ikafika karibu watu 200,000. Kwetu hakuna mto wala chemchemi. Ni mawe ya volkano matupu, na maji tunakinga ya mvua. Ya wakimbizi yalipanda na malori kutoka Goma. Kipindupindu kilipoingia, mwamba ulikataa hata kuchimbwa makaburi. Waandishi wa dunia nzima walikuja kuandika vifo vile, na ilibidi viandikwe. Lakini pipa la mama, lililokaa chini ya mchirizi wa bati, lilikauka kwa kugawia wageni, na sikumwona mwandishi hata mmoja, wa mbali au wa Goma, akiuliza wenyeji wanakunywa nini.

Gazeti si karatasi tu, sisi tunajua. Mobutu aliruhusu vyama vingi Aprili 1990, magazeti yakachipuka Zaire nzima. Mwaka uleule Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi, pale pale ng'ambo ya mpaka wetu, alianzisha gazeti la Kangura. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Jirani yetu aliua kwa wino, ndiyo maana uzembe wa wino siusamehe.

Uzembe wetu unalishwa na kile tunachokiita kupaji. Mara nyingi mwandishi hana mshahara. Anaitwa kwenye mkutano, anapewa bahasha ya usafiri, kesho yake habari inatoka vile mwenye bahasha alivyotaka. Mkulima wa kabichi anayesukuma chukudu, kile kibaiskeli cha mbao, hadi Goma bahasha ataitoa wapi?

Nimefanya kazi katika gazeti dogo la mjini. Oktoba 2013, jeshi lilipoikomboa Kibumba kutoka kwa waasi wa M23, nilipanda kwa miguu, nikaandika nyumba kwa nyumba: nani amerudi, nani amekuta mbuzi wake, shamba lipi lina mabomu ambayo hayajalipuka. Mhariri alibakiza mistari mitatu, yote ya msemaji wa jeshi.

Desemba 23, 2022 M23, waliokuwa wameiteka tena Kibumba, walitangaza kwa sherehe kwamba wanaiacha mikononi mwa kikosi cha Afrika Mashariki. Jeshi la serikali likasema ni udanganyifu. Magazeti niliyoyasoma yalichagua kauli ya huyu au ya yule, yakaishia hapo. Wiki ile, katika kambi ya waliokimbia vita ya Kanyaruchinya, mama mmoja wa kwetu alinishika mkono.

"Mwanangu, wewe unaandika. Viazi vyangu viko chini ya kile kilima cha antena tatu. Vimeshachimbwa?"

Nilimuuliza shamba lina mistari mingapi. Akahesabu kwa vidole, akafika 22, nikaandika.