Gauni la Mtoto

Je, msomaji, gauni la mtoto wa miaka 8 lina thamani gani? Mjini London, Mary Wade, naye hajatimiza hata miaka 14, alimvua mtoto gauni lake akishirikiana na msichana mwenziwe, wakaliweka rehani. Januari 1789 mahakama ya Old Bailey iliwahukumu kunyongwa. Sheria ile ilijali nguo kuliko shingo!

Baadaye hukumu ikageuzwa kuwa uhamisho. Mary alitiwa katika merikebu Lady Juliana pamoja na wanawake wafungwa zaidi ya 200, wakasafiri miezi zaidi ya 10, hata wakawasili Sydney Juni 1790. Huko alizaa watoto wengi, akafariki 1859. Kevin Rudd, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia mwaka 2007, ni wa uzao wake.