Mponyoko: Mpira Uliokwisha Kushikwa Ukatoka

Mponyoko ni tukio la mchezaji kupotewa na mpira aliokwisha kuushika na kuumiliki, kabla hajaangushwa chini na kabla hajatoka nje ya uwanja. Ni istilahi ya futiboli ya Kimarekani, mchezo wa mpira mrefu wenye ncha mbili unaobebwa mikononi, na kwa Kiingereza huitwa “fumble”. Kitenzi chake ni kuponyokwa: mchezaji ameponyokwa na mpira, au mpira umemponyoka. Napendekeza neno hili badala ya kutema, ambalo huwajia haraka wafasiri na watangazaji. Kutema kuna kazi yake nyingine, na mchezo wenyewe umeyatenga mambo hayo mawili kisheria.

Kutema tumekuzoea kwenye kandanda. Shuti linapigwa, kipa anaruka, mpira unamgonga viganjani na kurudi uwanjani: “Kipa ametema!” Ni mpira uliofika mikononi usikae. Kipa akishaudaka barabara, habari imekwisha, maana Sheria ya 12 ya kandanda inamkataza mpinzani kumwania kipa aliyeumiliki mpira kwa mikono. Hakuna ruhusa ya kumpiga mkono ili mpira uchomoke. Ndiyo maana lugha yetu ya uwanjani haikuwa na haja kubwa ya neno la mpira unaotolewa mikononi mwa aliyeushika. Futiboli ya Kimarekani inalihitaji katika kila mechi, kwa sababu huko anayeushika mpira ndiye anayeandamwa.

Neno lenyewe halikuhitaji kubuniwa. Tumbe, kaskazini ya Pemba katika Wilaya ya Micheweni, vyombo vinaporudi kutoka baharini, samaki hushushwa wangali na maji na utelezi. Anayempokea samaki mkubwa humtia vidole kwenye matamvua, kwa kuwa ukimkamata katikati ya mwili na kumkaza, utelezi humtoa kwa mbele. Akitoka, mtu wa pwani husema “kaniponyoka”. Hasemi hivyo kwa samaki ambaye mkono wake haukuwahi kumshika. Wala hasemi hivyo kwa aliyechukuliwa na mwingine kwa nguvu, maana huyo kapokonywa. Lugha imekwisha kuzitenga hali tatu, na kanuni za futiboli ya Kimarekani zinazitenga mbili za kwanza.

Kanuni ya kudaka, kama ligi ya NFL ilivyoirekebisha mwaka 2018, inataka mambo matatu. Mpokeaji aumiliki mpira. Akanyage ndani ya uwanja kwa miguu yote miwili, au aguse chini kwa kiungo kingine cha mwili. Kisha afanye kitendo cha mchezo, kama kupiga hatua ya tatu au kuunyoosha mpira mbele. Mpira ukimtoka ukaanguka chini kabla ya kutimia matatu hayo, ametema: pasi haikukamilika na mpira umekufa. Ukimtoka baada ya hapo, ameponyokwa: mpira ungali hai, na timu itakayouwahi ndiyo yenye kuumiliki. Goti lake likigusa ardhi kwa kuangushwa na mpinzani, mchezo umesimama, na mpira utakaotoka baadaye hauhesabiwi kuwa mponyoko.

Uhai huo wa mpira ndio unaoutofautisha mchezo huu na raga, inayojulikana zaidi Afrika Mashariki. Katika raga, mpira ukimwanguka mchezaji kuelekea mbele ni kosa, na kwa kawaida mchezo huanzishwa upya kwa skramu ya wapinzani. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka raga akajiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013, aliingia katika mchezo ambao mpira wa namna hiyo hugombewa pale pale ardhini. Tena aliwekwa upande wa ulinzi, kwa watu ambao kazi yao ni kuutoa mpira kwa aliyeubeba.

Mchezaji anayeishi karibu zaidi na mpaka wa kutema na kuponyokwa ni yule aitwaye kwa Kiingereza “tight end”. Husimama mwishoni mwa safu ya mbele, ameambatana na wakingaji. Ana kazi mbili: kuwazuia wapinzani kama wenzake wa safuni, na kuchomoka kwenda kupokea pasi. Anayesimama mbali kando tunaweza kumwita mpokeaji wa pembeni, na huyu mpokeaji wa safuni. Pasi zake nyingi humkuta katikati ya uwanja, uso kwa mrushaji, mgongo kwa walinzi. Akigeuka tu, anagongwa. Muda wa kuuhamisha mpira kutoka viganjani hadi kwapani ni mfupi mno, na humo ndimo miponyoko mingi ya wapokeaji wa safuni inamozaliwa.

Mark Andrews wa Baltimore Ravens, mmoja wa wapokeaji wa safuni hodari wa kizazi chake, alipatwa na yote mawili katika robo moja ya mchezo. Ilikuwa tarehe 19 Januari 2025, mechi ya mtoano ugenini kwa Buffalo Bills, katika baridi kali. Robo ya nne alidaka pasi ya mrushaji wao, Lamar Jackson, na kuanza kukimbia. Terrel Bernard wa Bills akamfuata kwa nyuma, akautoa mpira, kisha akauokota mwenyewe. Huo ni mponyoko. Ilipobaki kama dakika moja na nusu, Ravens wakiwa nyuma kwa 27-25, Andrews alirushiwa mpira wa pointi mbili za kusawazisha. Ukamfika mikononi, ukateleza, ukaanguka. Hapo alitema. Mechi ikaisha kwa matokeo hayo hayo. Mtangazaji atakayesema “ametema” mara zote mbili atakuwa amemfuta Bernard. Katika tukio la kwanza kulikuwa na mtu wa pili aliyefanya kazi yake vizuri; katika la pili hakuwapo.

Mtu huyo wa pili naye anahitaji kitenzi. Kiswahili kinatupa poromoka na poromosha, dondoka na dondosha. Kwa mkondo huo huo, ponyoka inatupa ponyosha: kumfanya mwenzako aponyokwe. Kuponyosha si kupokonya. Anayepokonya huutia mpira mikononi mwake kwa kitendo kimoja. Anayeponyosha huutoa tu, na anayeufaidi aweza kuwa mwingine. Charles Tillman wa Chicago Bears aliujenga ufundi wa kuupiga mpira ngumi wakati wa kumkaba mbebaji, akamaliza maisha yake ya NFL akiwa ameponyosha mara 44. Nomino nayo inafuata njia iliyopitwa: poromoka ikazaa mporomoko, lipuka ikazaa mlipuko, na ponyoka inazaa mponyoko, wingi wake miponyoko.

Mponyoko wa kweli hauna kusudi, na historia ya mchezo imelipima jambo hilo. Tarehe 10 Septemba 1978, Oakland Raiders wakiwa wanaelekea kushindwa na San Diego Chargers, mrushaji wao, Ken Stabler, aliuachia mpira kwenda mbele alipokuwa akiangushwa. Wenzake wakausukuma hadi mpokeaji wa safuni, Dave Casper, akaulalia katika eneo la kufungia, na Raiders wakashinda 21-20. Stabler alikiri kuwa alikusudia. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa: katika dakika mbili za mwisho, upande wa aliyeponyokwa, ni yeye peke yake anayeruhusiwa kuusogeza mpira mbele. Kwa Kiswahili alichofanya Stabler ni kutupa, na neno kuponyokwa linakataa kukibeba.

Sifa ambayo mimi naithamini kuliko zote ni kwamba neno hili linamtendea haki mchezaji. Anayetema ndiye mtendaji. Katika “mpira umemponyoka”, mtendaji ni mpira, na msikilizaji anasukumwa kuuliza umetokaje. Swali hilo lina majibu yanayofundishika. Vidole vifunike ncha ya mbele, kiganja kiubane mpira, kigasha kiufuate ubavu wake, ncha ya nyuma izame kwapani, na mpira wote ugandamizwe juu kifuani. Tiki Barber wa New York Giants, mkimbiza mpira, alikuwa na miponyoko 9 mwaka 2003. Mwaka 2004 makocha wapya wakambadilisha namna ya kuubeba, akaupandisha juu na kuukumbatia. Mwaka 2005 alikuwa na mponyoko 1, tena katika msimu aliobeba mpira mara nyingi kuliko misimu yake yote. Mikono ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mshiko.

Kwa hiyo nawaomba watangazaji na wafasiri wasiunde jina la mtu, la kumwita mchezaji, kutokana na kitenzi hiki. Tuseme ameponyokwa mara tatu msimu huu, tueleze alikuwa ameushikaje na nani aliyemponyosha, na tuishie hapo. Jina la tukio humwachia mchezaji nafasi ya kujirekebisha mechi ijayo. Jina la mtu humganda hata baada ya mshiko kutengemaa. Kutema kubaki kwa mpira ambao haujashikwa, kupokonya kwa uliochukuliwa, kuponyosha kwa uliotolewa, na mponyoko kwa uliokwisha kushikwa ukatoka.