Ufadhili wa serikali kwa mafunzo ya bayoteknolojia nchini India

Ni mpango wa serikali kuu ya India wa kuandaa wataalamu wa bayoteknolojia kuanzia chuo hadi maabara za utafiti. Chimbuko lake ni Bodi ya Taifa ya Bayoteknolojia ya mwaka 1982, iliyofuatiwa mwaka 1986 na Idara ya Bayoteknolojia, chini ya Wizara ya Sayansi na Teknolojia.

Idara hiyo ilitambua mapema kwamba utafiti hauwezi kusimama bila watu, ikagharamia masomo ya uzamili katika vyuo vikuu kama Jawaharlal Nehru cha Delhi na Madurai Kamaraj cha Tamil Nadu. Wanafunzi huchujwa kwa mtihani wa nchi nzima na kupewa posho ya kila mwezi. Vyuo navyo hupata fedha za vifaa na kemikali. Hapo ndipo penye nguvu ya mpango wote, maana somo hili halifundishiki kwa ubao na chaki pekee. Wanaosomea uzamivu wana mtihani na ufadhili wao. Vyuo vya shahada ya kwanza husaidiwa kuimarisha maabara na walimu.

Mafunzo hutolewa pia na Kituo cha Kanda cha Bayoteknolojia kilichopo Faridabad, chini ya mwavuli wa UNESCO, ambacho kilipewa kwa sheria ya mwaka 2016 mamlaka ya kutoa shahada.

Udhaifu mkubwa umekuwa ajira: wahitimu ni wengi kuliko nafasi viwandani. Ili kukuza viwanda hivyo, mwaka 2012 serikali iliunda BIRAC, shirika la umma linalofadhili kampuni changa za bayoteknolojia.